Aliyoyasoma Sanduku

Jumatatu ya Pasaka

Mdogo wangu mpendwa,

Pokea salamu za dada yako, wewe na wifi yangu na wale pacha ambao mpaka leo nawajua kwa picha tu. Natumaini barua hii imewakuta wazima, na kwamba mgongo haukusumbui sana na hizo safari zako ndefu za lori. Mimi mwili haujambo. Magoti yananung'unika nikisimama kwenye meza ya pasi kutwa nzima, lakini hayo tumeshazoeana. Moyo ndio mgonjwa. Nimeamua kuandika kwa sababu simu ungeikata katikati, nami nataka unisikilize mpaka mwisho, hata kama ni kwa hasira.

Mwaka jana nilikuambia nimeokoka. Ulicheka, ukasema kwa mdomo huu wangu malaika watahama wenyewe. Basi hawajahama, na jana alfajiri, Pasaka yenyewe, ilikuwa zamu yetu watu saba kubatizwa. Kanisani kwetu kuna utaratibu wake. Wiki mbili kabla, kila anayebatizwa anaandika kwenye karatasi lile jambo linalomlemea kuliko yote, anaikunja na kumkabidhi mlezi wake wa kiroho. Mlezi haifungui, kazi yake ni kuitunza tu. Asubuhi ya Pasaka karatasi zote zinatiwa moto, ndipo mnaingia kwenye maji. Nililipenda sana jambo hilo. Nikaandika ukurasa mzima.

Mlezi wangu alikuwa Sanduku. Huyu ni mwenzangu pale kwa dobi. Mwaka wa sita sasa tunakunja mashuka pamoja, yeye ncha zake, mimi ncha zangu, tunasogeleana na kuachana mpaka shuka liishe. Jina hilo tulimpa sisi wenyewe, maana neno likishaingia kwake halitoki. Nilipolazwa kwa homa ndiye aliyekuwa akiniletea nguo safi, na ndiye aliyenipeleka kanisani mara ya kwanza, mimi nikiburuta miguu. Nilimwamini kuliko ninavyojiamini mwenyewe.

Ijumaa Kuu tulikusanyika kwa maombi ya akina mama. Mke wa mchungaji alisoma habari za Yuda, kisha akauliza nani ana hoja ya kuombewa. Sanduku akasimama, akafumba macho, akaomba tumkumbuke dada mmoja miongoni mwetu. Halafu akalisema lile jambo, lile la kwenye karatasi, karibu neno kwa neno. Hakunitaja jina. Hakuwa na haja, maana wale wanawake wanaijua familia yangu. Waligeuka mmoja mmoja kunitazama, kisha wakainamisha vichwa haraka, na huko kuinama ndiko kulikoniuma zaidi. Jambo lenyewe linakuhusu wewe. Nitakuambia kabla sijamaliza, usiruke mistari.

Jumamosi kazini nilimkabili. Sikupiga kelele, tulikuwa na mzigo wa mashuka ya nyumba ya wageni na mwajiri wetu alikuwa karibu. Alikiri kwamba aliifungua siku ile ile niliyompa. Akasema alifanya kwa upendo, kwamba mtu hawezi kumbebea mwenzake mzigo asioujua uzito wake, na kwamba nilipaswa kufurahi kwa kuwa sasa kanisa zima linanibeba. Akalia. Nikamwambia machozi asiniletee mimi, mwenye msiba ni mimi. Kunibeba gani huko, mbona nilijiona nimeanikwa? Miaka sita, mdogo wangu. Nilimkabidhi siri moja tu, akaigawa kama karanga.

Jana nilimwambia mchungaji kwamba siingii majini mbele ya macho yale. Akanijibu kwamba wokovu haukuletwa kwa ajili ya waliokwisha kujisafisha, nije hivyo hivyo nilivyo, na hasira zangu. Nikaenda. Karatasi zikachomwa, yangu na alama za vidole vya Sanduku, watu wakapiga vigelegele. Nilijiuliza tunashangilia nini, kama yule niliyemkosea hana habari na wala hakuwepo. Nilitegemea kutoka kwenye maji mwepesi. Nilitoka nimelowa, meno yanagongana, na wa kwanza niliyemfikiria ni wewe. Tangu Ijumaa nilikuwa nikiisikiliza ile habari ya Yuda kama mtu aliyesalitiwa. Nilisahau kwamba mimi nina miaka tisa upande wa pili.

Sasa lisome. Unakumbuka nilivyokuambia kwenye simu kwamba baba hataki kukuona, kwamba ukija atafungiwa mlango mtu? Baba hakusema hivyo. Ni kweli tangu ulipoiacha karakana yake ukaenda kwenye malori hakulitaja jina lako, lakini wiki ile ya mwisho alikuulizia kila siku. Mimi ndiye niliyekuwa nikimgeuza kitandani, nikimlisha kwa kijiko, nikifua mashuka yake, na kila akifumbua macho ananiuliza wewe umefika wapi. Mimi hakuniuliza hata kama nimekula. Niliona wivu, sina neno la kuupamba. Wewe nikakuambia usije, na yeye nikamwambia umekataa kuja. Nilidhani ningepata siku mbili tatu za kurekebisha. Akafariki Alhamisi, na baada ya hapo kila mwaka ukweli ulizidi kuwa mgumu kutamka.

Sanduku sijamsamehe, nisikudanganye eti nimebatizwa basi nimekuwa malaika. Kesho tutakunja mashuka pamoja na sijui nitamtazama vipi. Kwa hiyo sithubutu kukuomba wewe unisamehe haraka haraka. Nimetaka tu ulisikie kwangu, si kwa watu wa maombi. Ukitaka kuja kunitukana, njoo. Nyumba ni ile ile, na ufunguo wa chumba cha baba ninao mimi.

Msalimie wifi, na pacha uwabusu kwa niaba ya shangazi yao, kama bado wana shangazi.

Kuna salamu nyingine, hizi si zangu. Nilipomwambia baba kwamba umekataa, hakukasirika. Alisema una haki ya kukataa kwa sababu aliyekosa ni yeye, na nikikuona nikusalimu sana, nikuambie hivyo. Nimezikalia salamu hizo miaka tisa. Baba anakusalimu.

Ni mimi,
Dada yako.