Tyubu Haipungui, na Mume Wangu Kila Siku Kidevu Safi

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kabla ya Jumapili, maana moto nimeuwasha mwenyewe na sasa sijui nitauzimaje.

Mimi ni fundi cherehani, nina miaka thelathini na nane, nimeolewa mwaka wa kumi na moja sasa na fundi bomba, mwanamume mpole ambaye akikasirika huenda kukaza bomba lisilovuja, tuna watoto wawili na hatujawahi kulala bila kusemezana mpaka mwaka huu. Miezi mitatu iliyopita nilimnunulia krimu ya kunyolea, ya tyubu, inanukia limau, kwa sababu nilichoka kumwona akijipaka kipande cha sabuni ya kufulia na kutoka bafuni na mashavu mekundu, akanishukuru vizuri tu, akaiweka kwenye rafu chini ya kioo. Wiki ya pili naiangalia, imejaa. Mwezi umekwisha, imejaa. Nikasema labda anabana kidogo, mume wangu si mtu wa israfu, lakini mshauri, mimi ni mtu wa vipimo, nikachukua utepe wangu wa kushonea nikaipima unene, baada ya wiki mbili nikaipima tena, haijapungua hata unywele mmoja, na wembe wake mkavu, na yeye kila siku kidevu laini kama satini.

Anatoka nyumbani saa kumi na mbili na nusu asubuhi na ndevu zake zimesimama, na saa mbili akipita kwenye cherehani yangu kuniachia funguo za stoo yake, ndevu hazipo. Tena ananukia. Si limau. Ni harufu niliyoijua tangu zamani nikashindwa kuipa jina, na hapo ndipo moyo uliponiuma zaidi, kwa sababu nilijiambia basi huyo mwanamke ni mtu ninayemfahamu.

Nikamuuliza, "Unanyolea wapi siku hizi?"

"Njiani."

"Njiani saa hizo kuna kinyozi gani aliyefungua?"

"Kuna mtu."

"Mtu gani?"

"Mtu tu, mama watoto. Usiniulize."

Nikamwambia kama ni hivyo abebe mfuko wake wa spana akaishi na huyo Mtu, nikamwambia na mengine ambayo siwezi kuyaandika hapa, naye akaenda kukaza bomba la jikoni. Siku tisa nikawa nazungumza naye kupitia watoto, mwambie baba yako chakula kipo, mwambie baba yako umeme unakwisha. Kisha nikafanya kosa kubwa kuliko yote, nikamweleza dada yangu mkubwa, ambaye ukimwambia umejikwaa yeye anatangaza umevunjika mguu, na kabla sijakata simu alishampigia ba'mdogo wa mume wangu na shemeji zangu wawili, wamepanga kikao Jumapili saa nane, nyumbani kwangu, mume wangu akae mbele ya wazee aseme anakwenda wapi kila asubuhi.

Jumatano nikamfuata. Alitangulia na mfuko wake begani, akapita duka la vipuri, akapita karakana ya seremala, akakata kona kuingia uani, na mimi nikasimama palepale, kwa sababu pale nyuma ya seremala, kwenye vyumba viwili, anaishi baba yangu mzazi.

Baba ana miaka sabini na moja, mama alifariki miaka minne iliyopita na tangu hapo anaishi peke yake na hataki kusikia neno kuhama. Alikuwa mchora mabango. Nusu ya maduka ya mtaa wetu majina yake yameandikwa na yeye, kwa brashi, bila rula, na herufi zimenyooka mpaka leo. Mimi huenda kumwona kila Jumamosi, namkuta amenyolewa vizuri, amekaa na mikono mifukoni mwa koti, na miezi hii nikimpikia chai anakataa, anasema chai imemshinda tumbo, nami nikaamini.

Dirisha la nyuma lilikuwa wazi. Baba amekaa kwenye kigoda, taulo mabegani, mume wangu amechuchumaa mbele yake anakoroga brashi ndani ya kopo, kopo la krimu ileile ambayo baba ameitumia tangu mimi mtoto, na harufu ikanifikia pale nilipo, nikajua ni ipi. Na mikono ya baba, mshauri, ilikuwa juu ya magoti inatetemeka kama cherehani iliyowashwa bila kitambaa.

Baba akasema, "Linafika chini hilo."

"Dukani wanasema makopo hayaji tena, ni tyubu tu."

"Tyubu ni ya dawa ya meno. Na mke wako?"

"Amenuna. Anadhani nina mwanamke."

Baba akacheka, kisha akaacha kucheka. "Mwambie basi."

"Nilikuahidi, mzee. Ulisema akijua atakuhamishia kwetu kesho yake."

"Sasa nyumba yako ivunjike kwa ajili ya ndevu zangu?"

"Haivunjiki. Kaza shavu."

Akamnyoa, polepole, kwanza chini ya masikio kisha kidevu, anamshika paji la uso kwa kiganja kimoja kama mtu anayebeba yai, halafu na yeye akajipaka povu kutoka kopo lilelile akajinyoa mbele ya kioo cha baba, huku baba akimwelekeza, "Umeacha hapo, chini ya pua," na wakacheka wote wawili. Mimi nikaondoka kwa kunyata. Siku hiyo nilishona mkono wa shati juu chini.

Nimezunguka maduka sita kutafuta kopo la namna ile, la mwisho ni duka la dawa la zamani karibu na stendi, nikalipata moja nyuma kabisa ya rafu, nikalipangusa vumbi, sasa liko kwenye droo ya cherehani chini ya zipu. Nimkabidhi baba? Atajua nimejua. Nimpe mume wangu? Atajua nilimfuata kama askari. Nimuombe radhi vipi bila kusema nilichoona? Au niache kopo, nimzoeshe baba tyubu sasa hivi, maana hayo makopo yanakwisha na kesho yatakuwa hayapo kabisa? Na Jumapili ndiyo hiyo inakuja, mume wangu nina hakika atakaa kimya mbele ya wazee mpaka aitwe mzinzi, lakini neno la baba hatalitoa.

Nisaidie. Sili.

Ni mimi, Mwenye Utepe.

JIBU

Jibu hili nililituma kwenye simu yake siku ileile, kwa sababu Jumapili haisubiri gazeti. Nalichapisha sasa kwa ruhusa yake.

Mwenye Utepe, weka mkasi chini unisikilize.

Kabla hujamaliza kusoma, mpigie dada yako. Mwambie hivi: nilikosea, mume wangu hana kosa, kikao hakuna. Akikuuliza ulikosea nini, mwambie chungu kinaungua, ukate simu. Kisha umpigie ba'mdogo mwenyewe, kwa sauti yako, umwombe radhi kwa kumsumbua. Usimtume mtu. Ulipokuwa unamchafua mume wako hukutuma mtu.

Nimekuonea huruma, na nitakugombeza vilevile. Mama mzima unapima tyubu kwa utepe! Ungekuwa umempima mumeo kwa miaka kumi na moja aliyokaa nawe, usingehitaji utepe. Mwanamume anayekuachia funguo kila saa mbili, anayekasirikia mabomba badala ya kukasirikia watu, wewe ukamwona mzinzi kwa sababu ya krimu. Hata hivyo sikulaumu kwa kuumia. Mtu akifichwa jambo nyumbani kwake huumia, na mumeo naye angeweza kukwambia, "Kuna siri ya mtu mwingine, niamini." Alishindwa kusema hata hilo. Wanaume wapole wana ugonjwa huo, wanadhani kunyamaza ni jibu.

Leo jioni, watoto wakienda kucheza, kaa naye mezani umweleze ulivyomfuata na ulichoona dirishani. Chote. Usiipambe. Na katika kuomba radhi kwako nisisikie neno "lakini". Ukianza na "Nisamehe, lakini na wewe...", rudi mwanzo.

Kuhusu kopo na tyubu. Tyubu ina sifa zake: haimwagiki, inaingia mfukoni, mwenye haraka anabana, anapaka, anakwenda zake. Hiyo uliyonunua, mumeo ataitumia siku za safari. Baba yako hana haraka. Huyo ni mtu wa brashi, amekula na kukulea kwa brashi, na brashi inataka kopo. Ukimpa tyubu leo, hata kama hukusema, umemwambia enzi yake ya brashi imekwisha. Mpe kopo. Makopo yakimalizika madukani, atachagua mwenyewe cha kufanya. Ana mikono inayotetemeka, akili haitetemeki. Na usinifanyie ujanja wa kukamulia tyubu ndani ya kopo tupu. Pua yake itajua kabla ya shavu.

Kopo alipeleke mumeo. Asipoulizwa limetoka wapi, asiseme. Akiulizwa, aseme kweli. Wewe usiende mpaka uitwe, na ukiitwa usiende na kilio wala gari la kuhamishia vitu. Sema kweli: ungejua mapema, si ungemhamisha? Ungemhamisha. Mzee alikufahamu vizuri.

Lakini jambo moja halingoji kuitwa. Mficha maradhi kifo humuumbua. Mikono kutetemeka kuna sababu nyingi, na nyingine zina dawa, kwa hiyo mzee aende akaonane na daktari mwezi huu. Usimpeleke wewe. Mumeo ndiye aliyepewa shavu na wembe, basi ndiye mwenye mdomo wa kumwambia. Aseme naye ana lake la kupima, waende pamoja.

Na ule. Mtu hafikiri vizuri na njaa.

BARUA YAKE YA PILI

Mpendwa mshauri, ni mimi tena, zimepita wiki tano na nimeona si haki ukae bila kujua yaliyotokea.

Dada yangu alinuna siku tatu. Ba'mdogo alicheka, akasema hata hivyo hakuwa na nauli. Mume wangu nilimweleza yote mezani, akaniuliza, "Kwa hiyo ulikaa dirishani muda wote?" nikasema ndiyo, akasema, "Siku tisa ni nyingi, mama watoto." Nikalia. Akanisogezea kitambaa cha kushonea shati la mteja, nikakitumia hivyohivyo.

Kopo alilipeleka. Baba akaligeuza, akalinusa, akasema, "Hili kalinunua mwanamke. Mwanamume angeleta na vumbi lake." Mume wangu akasema kweli, kama ulivyoagiza. Baba akaendelea kuligeuza mpaka povu likamkaukia usoni, ikabidi wapake upya. Halafu akasema, "Mwambie aje Jumamosi kama kawaida. Na asije na mabegi." Nikaenda. Nikapika chai, nikamwekea nusu kikombe, akakishika kwa mikono miwili mbele yangu, ikamwagika kidogo kwenye shati, na mimi nikaendelea kusimulia habari za wateja wangu. Alikunywa yote.

Kwa daktari walikwenda wote wawili, mume wangu akamdanganya kuwa na yeye anataka kupima presha, kumtia moyo tu. Baba akapewa vidonge, kutetemeka kumepungua, hakujaisha, daktari amesema hakutaisha ila kunaweza kutulizwa. Mume wangu ndiye aliyekutwa na presha, mshauri, tena ya juu, daktari akamgombeza mbele ya mkwe wake. Kuhama baba hahami. Sasa yeye ndiye anayempigia simu mume wangu kila siku saa tatu asubuhi kumuuliza, "Umemeza?" na akisikia amesita kujibu, anafunga mlango wake anakuja kwa miguu mpaka kazini kwake, na kidonge mfukoni na maji kwenye chupa, anasimama pale mbele ya mafundi wenzake mpaka ameze.

Tatizo ni chumvi. Nikimwambia ale bila chumvi anakaza bomba.

JIBU

Usimwambie. Punguza kijiko chako jikoni kila wiki kidogo kidogo, na kichupa cha chumvi kitoe mezani, ukiulizwa sema kimevunjika. Umekwisha kuona madhara ya siri. Hiyo moja nakuruhusu.