Mbuzi wa Marehemu

Babati, Tanzania
3 Machi 2025

Mwaitu wangu Mwongeli,

Nakuita mwaitu, yaani mama, kwa sababu ulipewa jina la mama yangu, na mtu hasahau mama. Hamjambo huko Kwa Vonza? Mzee wako na watoto wako na afya? Mimi niko, isipokuwa mguu wa kushoto na presha.

Najua ni miaka mingi. Namba yako nimeipiga kutoka huku, haiingii. Barua hii nampa Waringa, yule mama wa Kibwezi anayekuja huku kununua vitunguu.

Nilipostaafu udereva wa idara ya maji, nilihamia huku kwa kina mke wangu wa sasa. Pensheni ikawa inaingia benki ya Kenya, nami natuma cheti cha uhai kwa ofisi ya pensheni kila mwaka. Mwaka huu cheti kilichelewa, wakampigia jamaa niliyemwandika kule ofisini. Huyo jamaa ni wewe. Sasa pensheni imekatwa. Wanasema mtu wa kwetu amewaambia nimekufa!

Najua ni makosa ya simu. Nenda kwa chifu, aandike kwamba niko hai, wewe uweke sahihi, upeleke ofisini. Dawa zimebaki kidogo.

Ni mimi babako,
Mutie


Kwa Vonza
30 Machi 2025

Kwako Baba,

Salamu. Sisi tuko wazima. Pole na mguu. Nimechelewa kujibu kwa sababu mtoto anaota meno na halali, na mimi pia silali.

Si makosa ya simu. Ni mimi nilisema.

Nilikuwa nafua nepi, msichana wa ofisi akapiga. Akauliza, "Mzee Mutie bado yuko?" Nikamwambia, "Aliniambia mwenyewe niseme amekufa."

Umesahau? Mama alikuwa amelazwa Kibwezi, anakuulizia kila mlango ukifunguka. Nilikuwa darasa la nane. Nikaomba simu ya nesi nikakupigia. Ukaniambia, "Mwambie nimekufa." Nyuma yako kulikuwa na redio na mwanamke anacheka.

Sikumwambia Mama. Nilimwambia uko njiani, gari imeharibika. Akaenda akikungoja. Hayo maneno yako nilibaki nayo, na huyu msichana wa ofisi ndiye mtu wa kwanza kuyauliza.

Na unajua alizikwa wapi? Kwa ndugu zake, Kikima; Mjomba Mwau ndiye alikuja hospitali kumchukua. Kando ya ua, kama msichana ambaye hajaolewa. Kwa sababu hukuwahi kupeleka mbuzi wa ntheo. Mbuzi watatu, Baba! Hata fundi wa baiskeli hupeleka mbuzi watatu, wakwe wajue binti yao ni mke wa mtu.

Kwa chifu nilienda. Anasema haandiki uhai wa mtu ambaye hajamwona. Mimi nasema hivi: leta mbuzi kwa Mjomba Mwau, wewe mwenyewe, kwa mkono wako. Siku hiyo nitaenda nawe kwa chifu.

Nakuombea,
Mwanao Mwongeli


Babati
19 Aprili 2025

Mwongeli,

Salamu baadaye. Nimesoma barua yako nikakaa chini.

Tangu lini mtoto anamwekea mzazi masharti? Nilikuwa na makosa, sawa, nani hana? Lakini kumuua baba kwa simu! Mzee kama mimi akitamka neno, linafika. Usinilazimishe.

Nimeuza redio, nimempa Waringa pesa ya mbuzi. Mwau anunue hapo hapo Kikima, mambo yaishe. Mimi na mguu huu siwezi safari.

Na nimesikia kijana wako wa pili amezaliwa. Kwa desturi wa pili hupewa jina la babake mama, kwa hivyo huyo ni mimi, ni Mutie. Sasa unamnyonyesha Mutie mmoja na mwingine unamnyima dawa?

Babako


Kwa Vonza
11 Mei 2025

Baba,

Habari ya mguu? Kanda kwa maji ya chumvi, yawe vuguvugu, si ya moto.

Kuhusu laana, sijawahi kusikia marehemu akilaani.

Pesa nimeirudisha kwa Waringa. Ameihesabu mbele ya watu akaniambia nina kichwa kigumu. Nikamwambia, niliachiwa na baba, ndio urithi pekee. Mjomba Mwau hawezi kujinunulia mbuzi wa dada yake.

Mtoto bado hana jina. Tunamwita Kana tu, yaani mtoto. Mama mkwe ananuna, anasema nampa bahati mbaya. Anune. Nikimwita jina lako leo, kila nikimwita atakuja, na mimi sijui kama hilo ni jina la mtu anayekuja.

Mwanao,
Mwongeli


Babati
27 Julai 2025

Mwongeli,

Dawa zimeisha. Hapa shemeji zangu wameanza kuniita mgeni. Nakuja mwezi ujao.

Baba


Kwa Vonza
14 Septemba 2025

Kwako Baba,

Natumai ulifika salama na miguu haikuvimba. Kana ametoa meno mawili ya juu, usiku uliopita nimelala hadi asubuhi, ndio maana leo naweza kuandika.

Najua bado una hasira kwa yale ya kwa Mjomba. Nilikuona ukivuta wale mbuzi Kikima, siku ya soko, yule beberu akakukimbia katikati ya viazi na akina mama wakapiga kigelegele. Sikukusaidia. Nilikuwa nimembeba mtoto, lakini hata kama singekuwa nimembeba.

Na Mjomba alipokusimamisha langoni akakuuliza, "Unatafuta nani?" ukasema wewe ni Mutie. Akasema, "Mutie alikufa. Tulimzika dada yangu, tukaambiwa Mutie naye amekufa." Ni mimi nilimwambia, baada ya mazishi. Ukaniangalia nikutetee. Nikaangalia mbuzi. Mpaka uliposema kwa sauti, wote wakasikia, "Sikufa. Nilikataa kuja." Hapo ndipo lango lilifunguliwa.

Niliona pia ulivyokaa pale kando ya ua, kwa kaburi la Mama, peke yako, hadi jua likaingia. Hilo sitalisema kwa mtu.

Sasa sikiliza. Ile karatasi chifu aliyotuandikia nimeipeleka ofisini, na mguu wangu pia unauma, usifikiri ni wewe tu. Wamekubali. Pensheni itarudi, na ile ya nyuma watalipa. Nunua dawa kwanza, redio baadaye.

Lakini pale stendi uliweka mkono kwa kichwa cha mtoto ukasema, "Kwaheri, Mutie mdogo." Nilinyamaza kwa sababu ulikuwa unalia. Jumapili iliyofuata tulimpeleka kanisani. Anaitwa Mwau. Jina la mtu aliyekuja.

Msichana wa ofisi amenieleza, cheti kikiwa na sahihi ya chifu wetu ni cha mwaka mmoja tu, na kinachofuata lazima akitie sahihi yeye yule. Kwa hivyo mwaka ujao njoo tena tukuone, na mwaka utakaofuata. Chai itakuwepo.

Jina lako labda litangoja kijana mwingine. Lakini nimechoka, Baba. Sidhani kama nitazaa tena.

Mwanao,
Mwongeli