Mliitwa Wawili

Papa,

Nimeiona ile filamu ya Banza, rafiki yako wa mpira. Wewe ungekuwepo, ungefika ukumbini kabla ya viti. Basi nilikwenda kwa niaba yako, nimevaa kitenge cha kanisa, nikakaa benchi ya mbele pale parokiani kama ndugu wa bwana harusi.

Papa, mpira haumo mle. Ni majani yanayoyumba na upepo, halafu mguu wa Banza wa uzee ndani ya beseni la maji, halafu reli, halafu majani tena. Watu walivumilia mpaka mzee mmoja nyuma akauliza, "Sasa goli inaingia saa ngapi?" Tukacheka wote. Nikasema moyoni, Papa angetushinda kwa kucheka.

Kisha Banza akaanza kusema. Alikuwa kwenye kiti, huko Ulaya, uso wake umejaa pazia zima la filamu. Akasema polepole kwamba timu kubwa ya Lubumbashi ilituma habari Kamina kuita vijana wawili, winga wa kulia na winga wa kushoto. Habari ilimfikia yeye kwanza. Akawaambia wenzake ameitwa peke yake. "Kulikuwa rafiki mumoja," akasema. "Alinipita kucheza." Akafuta machozi, na watu wakampigia makofi.

Rafiki mmoja! Hata jina lako hakulitaja. Na Kamina nzima inajua winga wa kushoto alikuwa nani.

Nilitoka kabla haijaisha. Njia yote nililia: maskini Papa, amekufa bila kujua. Nikamkuta Mama anatwanga sombe, majani ya muhogo, nikamweleza. Hakuinua hata kichwa.

"Papa yako alijua," akasema. "Tangu ule mwaka mudogo yako alianza masomo. Golikipa yao ya zamani njo alimwambia. Akarudia hapa, akasema, mutoto iko na jina tayari, ile jina haiharibike."

Hapo hasira yangu ikamwacha Banza, ikakugeukia wewe.

Desturi naijua. Ukishampa mtoto jina la mtu, kama ulivyompa mdogo wangu jina la Banza, humsemi tena vibaya yule mtu, maana unamharibia mtoto. Kama ungenyamaza, ningekuelewa. Lakini wewe ulitusimulia, Papa! Kila redio ilipomtaja Banza uliacha kula, ukasema, "Alitaka twende wote. Miye njo nilikataa, sababu ya mama yenu."

Sababu ya mama yetu. Nami nikaamini. Nilipokuwa msichana, kila nikigombana naye nilimtupia neno hilo: wewe ndiye uliyemzuia Papa asiwe mtu mkubwa. Wewe ulikuwa umekaa palepale, unasikia. Yeye aligeuka akaendelea na kazi yake. Umenisaliti, Papa, na ulimi wangu umeutumia kumpiga mtu asiye na kosa. Sikujua nitakuja kukuandikia neno kama hilo.

Jana mdogo wangu alipiga simu kutoka Luena. Amesikia habari za filamu, anafurahi mno, na Jumapili anakuja kwa treni. "Yaya, bamemutaja Papa?" Nikamwambia mtandao mbaya, nikakata. Umeona? Siku mbili tu na nimeshaanza kufanana na wewe.

Sitaki. Nakupenda, na bado nikisikia treni inaingia nafikiri utapita mlangoni na mikono yako ya grisi. Lakini sitaki.

Lala salama, Papa yangu. Jumapili mdogo wangu akishuka stesheni nitamwita Banza kwa sauti kubwa, mbele ya watu, kama ulivyomwita, kwa sababu jina hilo ulimpa kwa moyo safi. Halafu nitamkalisha nimwambie kwamba mliitwa wawili. Nakuahidi sitaongeza chumvi wala kupunguza.

Ila kabla ya Jumapili kuna Mama. Leo, akimaliza kupika, nitapiga magoti pale jikoni nimwombe msamaha: mara moja kwa ajili yangu, mara moja kwa ajili yako.

Mwanao wa kwanza,
Mado