Pale Baba Alipokuwa Anasema Pamebaki Pekundu

Alhamisi, Rumonge. Joto la kunata tangu asubuhi, mawingu yamejaa upande wa Kongo lakini mvua haitaki kuja. Nina hasira. Naandika ili nisiende kumtukana mtu.

Jumamosi tunaganduka. Kwa wasomaji wa mbali: ndiyo siku ya kumaliza kilio cha baba. Watu watakula, watakunywa, halafu ukoo utakaa na kutangaza nani anashika mali ya marehemu. Mimi kazi yangu ni video za harusi na ubatizo hapa mjini, kwa hiyo nikaambiwa nitengeneze filamu ya baba, ionyeshwe ukutani kabla ya maneno ya ukoo. Nilikubali haraka. Nilikuwa na sababu yangu.

Sababu yenyewe ni kipande kimoja cha video. Mwaka jana, baba akiwa bado na nguvu, nilimrekodi shambani kwetu, kwenye michikichi, akieleza alivyoipanda upya tuliporudi kutoka kambi ya wakimbizi Tanzania. Mimi ndiye niliyebeba maji ya kumwagilia miche ile. Kaka yangu Claver alikuwa Bujumbura kwa baba mdogo, anasoma. Katika kipande cha mwisho baba anaangalia kamera na kusema kwamba safu za upande wa ziwa ni zangu, asije mtu akaniambia mtoto wa kike hana kitu. Mama amekaa pembeni yake, anaitikia. Huku kwetu binti hutegemea huruma ya kaka zake, na baba alilijua hilo.

Leo asubuhi nimechomeka disiki, nimefungua kazi yangu, na vipande vyote vimekuwa vyekundu. Vyote! Programu ya kuhariri video inasema haivioni. Anayefanya kazi hii anaijua nyekundu hiyo: mara nyingi video haijafa, ila programu haijui imehamia wapi. Nikabadilisha waya. Nikachomeka upande mwingine. Nikazima, nikawasha. Umeme nao ukakatika, ukarudi. Bado nyekundu.

Ndipo nikaingia ndani ya disiki yenyewe. Folda niliyoiita "Baba Zakaria" sasa inaitwa "Marehemu Baba Zakaria". Nikacheka peke yangu. Disiki ilikuwa kwa Claver wiki iliyopita, aliiomba achague picha ya kuweka kwenye fremu. Kwetu humtaji aliyekufa bila kusema marehemu. Ukisahau, mtu atakurekebisha hapohapo. Claver kaona jina la baba limekaa hivihivi, likamuuma, akaongeza heshima. Kompyuta haijui habari za msiba, yenyewe inatafuta jina la zamani tu. Nikaionyesha folda mpya, nikabonyeza kuunganisha, na baba akarudi: baba akikamua mawese, baba akicheka, baba akimfokea mbuzi wa jirani. Kwa muda ule mfupi nilimpenda kaka yangu sana, nasema kweli.

Kipande kimoja kikabaki chekundu.

Mnakijua ni kipi.

Nimetafuta kwa jina, nimetafuta kwa ukubwa, nimefungua hadi pipa la takataka. Nimeendesha programu ya kufufua vilivyofutwa. Imeniletea jina la faili tu, ndani hakuna kitu, maana juu yake zimemiminwa filamu za mapigano, zile ambazo watu hupeleka disiki zao wakajaziwa kwenye kibanda cha karibu na soko. Kopi iko wapi, mtauliza. Kadi ya kamera ninayo moja, na imeshapiga harusi tele tangu siku ile.

Nikampigia Claver. Hakukana hata kidogo, na hicho ndicho kinachonichoma. Akaniambia kwa sauti yake ya kanisani: "Ile video nilisha kuifuta, dada. Haiko muzuri marehemu agombanishe batoto yake. Ni heshima tu."

Heshima! Mkono uleule uliomwongezea baba jina la heshima ndio uliomziba mdomo.

Nikaenda kwa mama, nikamkuta anachambua ndagala, dagaa wa ziwani. Nikamuuliza kama anakumbuka maneno ya baba siku ile shambani. Hakuinua macho. "Mwanangu, mimi niko muzee, nasahau." Mama huyu anakumbuka mpaka leo bei ya sabuni ya kambini na majina ya majirani zetu wote wa kule. Lakini nyumba anayolala kaijenga Claver, na dawa zake za presha zinatoka kwa Claver. Namuelewa. Na bado imeniuma kuliko yale ya kwenye simu.

Mchana Claver katuma ujumbe. Eti nikate pale penye nyekundu, niunganishe, hakuna atakayejua. Ni kweli, kwangu ni kubonyeza kitufe kimoja tu, na baba atatoka kwenye michikichi aingie moja kwa moja kwenye nyimbo za kwaya. Watu watalia, watapiga makofi, wataniambia murakoze kwa kazi nzuri. Halafu ukoo utakaa na kumpa Claver shamba lote.

Nimekaa na kitufe hicho tangu saa nane.

Sikati.

Jumamosi baba atatembea ukutani katikati ya michikichi yake, ataketi, atafuta jasho. Kisha ukuta mzima utakuwa mwekundu, kimya, kwa urefu uleule aliotumia kusema. Wazee watadhani mashine imeharibika. Watanigeukia mimi, fundi, waniulize kuna nini. Nitawajibu kwamba hapo baba alikuwa anasema, na aliyemfuta amekaa pale mbele, wamuulize yeye. Labda wataniita mtovu wa adabu. Labda shamba litakwenda kwake hata hivyo. Potelea mbali, ila hawatagawana kana kwamba baba hakufungua kinywa.

Na mama atakuwa amekaa papo hapo, na kitenge chake cha sherehe. Sauti yake nayo ilikuwa kwenye kipande kile, akiitikia ndiyo. Je, ataweza kuiangalia nyekundu hiyo mpaka iishe, bila kusema neno?