Pesa Niliyokataa Kuigusa

Mama mdogo,

Viza imetoka. Ungekuwa hai ungepiga vigelegele mpaka wapangaji wote watoke nje. Mimi pasipoti nimeisukumia kabatini, chini ya mashuka. Nakuandikia kwa sababu sina uso wa kuja makaburini.

Masharti unayakumbuka. Mshahara wa mume wangu kule Uingereza ni mdogo, kwa hiyo ilibidi tuonyeshe akiba, nayo ikae benki miezi sita bila kushuka. Ikishuka, mnaanza upya. Ulinipa hata zamu yako ya likelemba, ule mchango wenu wa kupokezana kila mwezi, niongezee. Ukasema, "Weka, mwanangu, mume si wa kwenye simu."

Muda ulikuwa unakaribia kuisha ulipoangukia cherehani yako, usiinuke tena.

Nilijua unachotaka. Uliniambia tukila fufu, bila huzuni yoyote: "Nikifa nirudisheni kwetu Uvira, mnilaze kando ya marehemu mume wangu." Nikaitikia. Wewe uliyenilea tangu mama alipofariki. Na pesa ya kukusafirisha ilikuwepo, Mama mdogo. Ilikuwepo. Mume wangu mwenyewe alisema tuitoe, atangoja. Mimi ndiye niliyekataa.

Kwenye matanga wanawake wa likelemba waliniuliza nina nini mkononi. Nikainamisha kichwa, wakadhani ni kilio. Wakachanga wao, wasusi na washonaji, wengine kodi ya chumba hawajalipa. Haikutosha kusafirisha jeneza. Tukakuzika hapa hapa Johannesburg, mji uliokuwa ukiusema vibaya kila asubuhi.

Kilichobaki wakakifunga kwenye kitambaa wakanipa, kama ilivyo desturi yetu, kwa kuwa mimi ndiye yatima. Kukataa kungezua maswali. Nikapokea kwa mikono miwili, na kesho yake nikakipeleka benki kikajiunge na ile akiba. Eish, Mama mdogo. Sikujua kama naweza kuwa mtu wa namna hiyo.

Sasa wamesikia naondoka, na wanachanga tena. Wanataka kuninunulia koti la baridi. Jana mama wa saluni alinipima mabega huku akikusifu, eti ulilea mtu. Nilitamani ardhi inimeze. Nikasimama tu, nikapimwa.

Hapana, hilo koti silivai. Jumapili baada ya ibada nitawaambia wote kwamba pesa nilikuwa nayo, na nitawarudishia walichonipa. Wakinitemea mate, ni haki yao. Ile akiba sasa hakuna anayeikagua. Itakutoa hapo ulipo, hata kama mume wangu na mimi tutaanza maisha kwa kulala sakafuni.

Nivumilie kidogo tu, kisha tutasafiri wote wawili, wewe kwanza. Msamaha siuombi kwa barua. Nitauomba Uvira, nikishakulaza kando ya mumeo.

Mwanao,
Furaha