Hendeli Chini ya Msala

Jumatatu, 3 Mfunguo Sita 1331

Amelichukua tena! Nimeisikia honi kutoka upande wa Ngome, akiwaita wenzake. Faraj, shemeji yangu. Nduguye hata udongo wa kaburi haujashikana vizuri, naye apiga honi!

Mimi niko juu, ndani ya eda. Nguo nyeupe, wanja hakuna, udi hakuna, mlangoni sitoki. Sawa. Hiyo ni amri ya Mungu, nimeipokea. Lakini ni amri ya nani mjane akae ndani huku shemeji akilimaliza gari lake?

Lake — yaani langu. Naandika hapa maana sina mwingine wa kumwambia. Gari ni langu. Abdulkadir alilileta kwa meli kutoka Bombay: dogo, jepesi, viti viwili, halina paa. Siku ya Idi alinitia hendeli mkononi — ile fimbo ya chuma iliyopinda, ya kuzungushia mashine mpaka iwake — akasema, "Alawiya, gari hili nimekupa. Ni lako." Mamake alikuwa pale pale, anamalizia kumshonea kofia. Alisikia. Hata akacheka.

Alhamisi, 6 Mfunguo Sita

Faraj amemwambia mamake kwamba mwanamke kupanda gari lisilo na paa ni aibu ya ukoo. Kwa sauti ya juu, ili nisikie huku. Kuwapakia wahuni wake si aibu!

Na mimi nimeliendesha. Hajui hilo. Alfajiri, tukishasali, kabla ya wachota maji kuamka. Abdulkadir kando, mimi kwenye usukani. Tuliiacha Ngome nyuma, tukafuata njia ya pwani mpaka Ras Serani, mibuyu upande huu, bahari upande huu, mawimbi yakipasuka miambani. Upepo ukaingia ndani ya buibui likafura, akasema nimekuwa tanga. Nikacheka mpaka gari likapanda nyasi. Karibu na mnara wa taa tulisimama. Mashine yanguruma chini ya miguu yangu. "Geuza mwenyewe," akaniambia. Nikageuza mwenyewe.

Namkasirikia na yeye pia. Afe kwa homa tu, mtu mzima na nguvu zake! Na kwa nini hakwenda kwa kadhi likaandikwa? "Mambo ya nyumbani yaandikwe ya nini, mke wangu." Ndiyo haya sasa.

Jumanne, 18 Mfunguo Sita

Maulidi yamepita, nimeyasikiliza dirishani. Leo Faraj ameligonga gari la reli, kile kigari cha mabwana kinachosukumwa na watu. Baya amekuja kumweleza Mama, mama mkwe wangu, chini ya ngazi. Baya ndiye aliyekuwa mtu wa Abdulkadir, mwenye kuliosha gari na kulitia mafuta. Madigadi ya gari langu imepinda, taa moja imevunjika. Hakuna aliyeumia, alhamdulillahi. Faraj akawatukana wasukumaji, kana kwamba reli ndiyo iliyomfuata yeye. Kisha wakaendelea na safari yao Kilindini hivyo hivyo, gari na jicho moja.

Nimelia. Si huzuni! Ni hasira, ila yatoka na machozi, basi watu huona huzuni na kuniletea uji.

Ijumaa, 28 Mfunguo Sita

Nimeelewa. Baada ya sala ya Ijumaa Faraj alikula chini na mamake. Atamuuzia gari Mzungu mmoja wa Kilindini. Tena upesi, kabla sijatoka eda, maana nikitoka, asema, nitawaletea maneno.

Eda yangu ndiyo soko lake!

Mama akaanza kukusanya sahani. Nilizisikia zikigongana.

Kila jioni Baya huileta hendeli na kuitundika nyuma ya mlango wa chini, kama enzi za marehemu. Leo magharibi, walipokuwa wote wanasali, nimeshuka nikaitwaa. Nzito, yanuka mafuta. Nimepanda nayo ndani ya shuka yangu nyeupe. Shuka imeingia doa. Na iingie.

Jumapili, 30 Mfunguo Sita

Vita. Faraj alikuja mpaka kwenye pazia la chumba changu.

"Shemeji, hendeli i wapi?"

"Mimi ni mtu wa eda, shemeji. Mambo ya magari nitayajuaje?"

"Basi niwate niingie, nitafute."

"Karibu. Ingia umtazame mke wa nduguyo katika eda yake. Nami niwaite majirani, waye watazame na wao."

Akashika ukingo wa pazia, akauachia. Nilimsikia akipumua. Hawezi! Pazia ni kitambaa tu, kuku aweza kulipita, Faraj hawezi. Eda iliyonifungia mimi ndani imemfungia yeye nje. Tangu kufiwa, leo ndiyo nimecheka.

Ila akatoa neno la kuchoma, na kiapo cha kuliacha gari. "Gari alikupa nani? Nani alosikia? Mama, wewe ulisikia? Mama akisema alisikia mimi naliwata, haki ya Mungu!"

Mama alikuwa ukumbini. Akasema wali waungua. Akashuka.

Wali! Ulikuwa haujapandishwa hata jikoni.

Jumanne, 2 Mfunguo Saba

Amemtuma mkewe, Mona. Mwanamke kwa mwanamke hakuna pazia. Nilizisikia bangili zake ngazini. Hendeli chini ya msala, mimi juu ya msala — Allahu akbar! Nani amkatize mtu anayesali? Mona amepekua sanduku, mito, kabati, mpaka chetezo cha udi nisichokitumia. Mimi rakaa juu ya rakaa. Chuma chanichoma goti kila nikisujudu. Mwishowe akachoka. Nilimsikia akimwambia Mama kwamba kufiwa kumenifanya mcha Mungu.

Mungu nisamehe. Nilikuwa nikisali kweli. Ila katikati yake nilimtukana Faraj.

Jumamosi, 6 Mfunguo Saba

Mfua chuma amewatengenezea hendeli nyingine. Haiingii! Wakalisukuma gari kwenye mteremko wa Ngome, likakohoa kidogo, likanyamaa. Wakasukuma tena. Likanyamaa tena. Mona ndiye aliyehadithia. Asema Baya alisimama kando akiwatazama, kama mtu asiyejua kuna bomba la mafuta la kufunguliwa. Baya, Mungu akuweke!

Jumatatu, 8 Mfunguo Saba

Nimemuuliza Mama uso kwa uso. Alikuwa akichagua mchele.

"Mama, siku ya Idi ulikuwapo. Ulisikia."

"Nalikuwa nashona, mwanangu."

"Ulicheka!"

"Watu wacheka mengi siku ya Idi." Akaweka ungo chini. "Nalikuwa na wana wawili. Mmoya nimemzika. Wataka nimshuhudilie alokufa, nimpoteze na alo hai?"

Nikamwambia ndiyo. Ndivyo nitakavyo. Nikapaza sauti, mimi, kwa mama mkwe! Nikamwambia anamuuza Abdulkadir pamoja na gari. Alichukua ungo wake akaenda, na mchele mwingine ukamwagika ngazini.

Sitaomba radhi. Labda kesho. Hapana, sitaomba.

Alhamisi, 11 Mfunguo Saba

Kesho natoka eda. Faraj ajua, ndiyo maana amepiga mbio. Mzungu atakuja kesho asubuhi pale Ngome na watu wa kulivuta kwa kamba mpaka Kilindini. Hendeli hawaihitaji tena, Mzungu ataagiza yake. Nimeificha kazi bure!

Leo walikuwa wakilisafisha gari. Baya amekuja na kitu ndani ya gazeti. Ni kofia ya Abdulkadir, aliyokuwa akiivaa anapoendesha. Ilikuwa chini ya kiti. Wenzake Faraj wameifanya tambara la kufutia mashine. Nyeusi yote. Baya hakuweza kuitupa, akampa Mama.

Ndiyo ile ile aliyokuwa akiimalizia siku ya Idi.

Mama yu kisimani, hapa uani, tangu adhuhuri. Sabuni, ndimu, majivu. Maji yamwagwa, yatekwa, yamwagwa. Haitakati. Faraj alipita, akamwambia, "Mama, kofia tu, ntakununulia nyengine." Hakumwinulia uso.

Nimeshuka nikakaa karibu naye. Hakunifukuza.

Ijumaa, 12 Mfunguo Saba

Nimeshaogeshwa. Mama mwenyewe ndiye aliyenimwagia maji. Nimetiwa wanja. Nimefukizwa udi. Leso mpya. Buibui langu liko kitandani na hendeli iko juu yake, waziwazi, sifichi tena.

Naandika mbiombio. Faraj yuko chini, amekuja kumwambia mamake kwamba Mzungu amefika na kamba zimefungwa. Sijui nitafanya nini. Nitasimama mbele ya gari. Nitalala mbele ya magurudumu! Peke yangu, mji mzima ukinitazama, na watazame!

Mama ameingia. Amevaa buibui lake la kutokea. Mkononi ana kofia, haijakauka, na madoa yake yote. Ameketi kwenye kiti changu, avaa viatu.

"Nalisikia, mwanangu. Ile gari ina viti vingapi?"

"Viwili, Mama."

"Basi Faraj atakuya kwa miguu."

Faraj amwita huko chini, mara ya pili sasa. Mama atafuta kiatu cha kushoto.