Usimpe Sonara Ile Sarafu

Nyumbani, kwenye meza ya kazi ya Baba,
Jumapili jioni.

Mpendwa kitindamimba wetu,

Salamu nyingi kutoka kwa dada yako, na zikukute umekula na umelala vizuri. Kile kikohozi kimekuachia? Na lile jino bovu ulikwenda kuling'oa, au bado unamkimbia daktari kama zamani? Mimi sijambo, ila magoti yameanza kunidai heshima. Wanangu hawajambo. Baba anaendelea, nitakueleza.

Barua yako tumeipata jana. Habari ya uchumba niliisoma kwa sauti sebuleni, shangazi akapiga makofi mpaka fundi viatu wa jirani akaja kuuliza kuna nini. Hongera sana, mdogo wangu. Mwambie huyo mchumba wako mwalimu kwamba nimempokea kabla sijamwona.

Lakini pale uliposema utampelekea sonara ile sarafu ya fedha uliyopewa na Baba, aisugue doa lake mpaka ing'ae, kisha aitengeneze iwe kidani cha bibi harusi, nilikatiza kusoma. Tafadhali, usimpe. Kama umeshampa, acha kusoma, vaa viatu, nenda ukaichukue.

Umerudi? Haya, sikiliza.

Nianze na Baba. Alianguka kwenye chumba chake cha kutengenezea saa, akavunjika nyonga, akalazwa. Sikukuandikia wakati ule kwa sababu alinikataza, alisema utaacha kazi ukimbilie huku bure. Sasa amerudi nyumbani, anatembea kwa mkongojo na kugombana na kila kiti kinachomzuia njia. Ila amepungua sana. Ukimkumbatia unahisi mifupa, nami nakuambia ukweli usije ukashtuka.

Alipokuwa hospitali, shangazi alihamia kwetu kututunzia nyumba. Unamjua mdogo wake Baba, sufuria zake unaweza kujitazamia ukinyoa ndevu. Alisugua sakafu, madirisha, mpaka bawaba za milango. Kisha akafungua droo iliyo chini ya saa ya ukutani, akakuta sarafu za Baba zimefungwa moja moja kwenye karatasi. Alipoziona zilivyo, bluu pembeni, zambarau na rangi ya asali katikati, nyingine nyeusi kabisa, alimwonea kaka yake huruma. Alidhani ugonjwa umemfanya aache mali yake iharibike. Akachukua jivu na ndimu, akazisugua zote, akazipanga mezani juu ya kitambaa cheupe zimpokee mgonjwa.

Maskini, alifanya kwa mapenzi, wala hakuna aliyewahi kumweleza. Sisi tuliokulia humu, nawe ukiwamo ingawa naona umesahau, ndio tulioimbiwa tangu utotoni kwamba sarafu hushikwa ukingoni, haisuguliwi, haifutwi hata kwa shati. Baba hajawahi kuziita rangi zile uchafu. Husema fedha inaiva, inaiva polepole kwa hewa na karatasi na miaka, na ukishaisugua huwezi kuirudishia umri wake.

Baba alipoingia akaziona zinameremeta, alisimama akaegemea mkongojo wake. Kisha akasema, "Ahsante, mdogo wangu. Umejisumbua sana." Basi. Akaenda kulala mchana kweupe. Ningekuwa mimi, ningefoka mpaka bati litoke. Ndiyo maana yeye ni Baba na mimi ni mimi.

Sasa, alikuwa ameshamwita yule mnunuzi wa sarafu, Miwani Miwili, yule mwenye moja puani na nyingine kipajini. Baba alitaka zithaminiwe, atugawie mafungu yetu akiwa hai, tusije tukagombana akishazikwa. Hakupenda kumvunjia miadi. Mnunuzi akaja, akaiinamisha moja kwenye mwanga, akatia lenzi jichoni, akatuonyesha mikwaruzo ya jivu iliyojaa kama nywele. "Mzee, hizi zimesuguliwa," alisema. "Mwaka jana ningezipigania. Leo ni fedha ya kuyeyusha tu." Shangazi alikuwa amesimama mlangoni na sinia. Nilisikia vikombe vikianza kugongana.

Mimi thamani sikuijali wakati ule. Nilikuwa natafuta sarafu moja tu, ile kubwa yenye dole la Mama.

Wewe huijui habari yake kwa sababu ulikuwa bado mtoto wa mgongoni. Mama alikuwa anakanda unga, mikono ina mafuta, na Baba anajisifu kwa sarafu mpya aliyoipata, "msiiguse, msiiguse." Mama akamfuata na wewe mgongoni, akaiminya katikati kwa dole gumba, akacheka mpaka ukaamka. Baba alinuna siku nzima. Lakini hakuifuta, maana kufuta ni mwiko wake mwenyewe. Akaifunga hivyo hivyo. Alipokuja kuifungua tena, dole lilikuwa limeanza kutokea, mistari yote, na kila mwaka likazidi kuiva. Mama alipofariki, hilo ndilo lililobaki. Picha hatukuwa nayo, unajua.

Niligeuza kila sarafu pale mezani, haipo. Nikamgeukia shangazi kwa ile sauti iliyonipa jina la Jenerali, nikamuuliza ile yenye alama ya kidole ameipeleka wapi. Akalia, akasema hakumbuki, zote zilikuwa na madoa. Ndipo Baba akagonga mkongojo sakafuni. "Mwache. Ile haikuwamo. Nilimpa mdogo wako alipoondoka."

Nikuambie nilichohisi? Wivu. Mimi niliyemlisha Mama uji kwa kijiko alipokuwa anatutoka, na sarafu apewe mtu asiyekumbuka hata sura yake! Nilimwambia Baba hivyo hivyo. Akanijibu, "Wewe unaye kichwani. Yeye hana kitu." Nikakaa chini nikalia.

Utauliza kwa nini hakukueleza pale kituo cha basi alipokuaga. Baba unamjua, maneno yake lazima uyatoe kwa kibano kama vipuri vya saa. Alikuambia "ishike ukingoni" akadhani amesema yote.

Asubuhi yake nikamkuta shangazi jikoni anapika huku begi lake limefungwa liko mlangoni. Baba akamwita mezani. Akaja na mikono yake ya mafuta. Baba akamsukumia sarafu moja inayong'aa, akamwambia, "Minya hapa katikati." Shangazi akaficha mikono nyuma kama mtoto. "Minya, nimesema." Akaminya. Baba akaifunga kwenye karatasi mpya, akairudisha drooni. "Itaiva," alisema. "Mimi sitaiona, lakini hawa wataiona." Begi likafunguliwa, na mimi nikamwomba shangazi radhi kwa magoti yangu haya mabovu.

Nilipofika kwenye habari ya sonara jana, nilimtazama Baba. Nilidhani atagonga mkongojo. Akasema nisikuandikie neno lolote, kwamba ni yako na mkeo, mfanye mpendavyo. Chakula hakukigusa. Leo namvunjia amri. Dereva wa lori anakuja huko kesho, nami nimemwapisha barua hii akupe mkononi.

Ukiwa nayo, nenda dirishani, iinamishe kidogo kidogo kwenye mwanga. Utaona mistari. Mama alikuwa na kovu dogo la kisu kwenye lile dole, nalo limo, linakata mistari katikati. Mwite mchumba wako aone, mwambie huyo ndiye mama mkwe wake. Kidani mtafutie kingine.

Shangazi anakusalimu, na anasema harusini atasugua sufuria tu. Fundi viatu anakusalimu na anauliza unavaa saizi gani siku hizi. Wanangu wanakusalimu sana. Baba naye anakusalimu bila kujua, maana amesinzia hapa kwenye kiti mbele yangu.

Mungu akulinde wewe na mwalimu wako, awajalie nyumba yenye kicheko. Na ukiishika hiyo sarafu, mdogo wangu, ishike ukingoni. Pale katikati mwachie Mama.

Wako akupendaye siku zote,
Dada yako, Jenerali.